Mpwa wangu ana Daraja la Pili katika PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia): kati ya Udaktari, Famasi, Uuguzi na Ualimu wa Sayansi, sifa zake zinamfikisha wapi?

Mjomba wa Njombe ameandika:

Ndugu zangu, habari za jioni, na kwa walionizidi umri shikamooni. Nimekuja kuomba msaada wa watu wanaoyafahamu mambo ya udahili wa vyuo vikuu hapa Tanzania, kwa sababu katika ukoo wetu huyu binti ndiye wa kwanza kufika kidato cha sita, na sisi tuliomtangulia hatuna uzoefu wa kumwongoza. Ni mtoto wa dada yangu. Baba yake alifariki binti akiwa kidato cha pili, na tangu hapo mimi ndiye ninayesimamia masomo yake. Kwa sasa yuko kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, hana nafasi ya kutosha ya kushika simu, ndiyo maana naandika mimi badala yake.

Matokeo yake ya kidato cha sita ni haya: Kemia C, Baiolojia D, Fizikia E, GS (Maarifa ya Jumla) amepata D na BAM (Hisabati ya msingi) amepata S. Limeandikwa Daraja la Pili, pointi 12. Kidato cha nne alipata Baiolojia B, Kemia B, Fizikia C, Kiingereza C na Hisabati D.

Tangu akiwa shule ya msingi amekuwa akisema atakuwa daktari wa binadamu. Nilipokwenda kuulizia, nikaonyeshwa karatasi iliyoandikwa kwamba Udaktari unahitaji pointi zisizopungua 6 katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa, nikamwambia dada yangu kwamba mtoto ana pointi 12, yaani mara mbili ya zinazotakiwa. Siku mbili baadaye jirani yetu mmoja, ambaye mwanawe yuko chuo, akaniambia kwamba nimeelewa vibaya na kwamba binti hana sifa kabisa ya kusoma Udaktari. Sasa dada yangu ananiuliza ukweli ni upi, nami sina jibu la kumpa.

Naomba kueleweshwa kwanza hizo pointi zinahesabiwaje. Pili, ikiwa Udaktari haupo, naomba mnilinganishie Famasi, Uuguzi, Maabara na Ualimu wa Sayansi: masharti ya kujiunga, miaka ya kusoma, na kazi yenyewe ilivyo baada ya kuhitimu. Sitaki tumjazie fomu ya kozi ambayo hata sisi hatuijui, halafu akae miaka minne akijuta. Dirisha la maombi likifunguliwa tutakuwa na siku chache tu, hivyo nawaombeni sana msaada wenu.

Mwalimu wa Taaluma, Tabora:

Ndugu yangu wa Njombe, pole kwa majukumu, na hongera kwa kumsimamia binti huyo hadi hapo alipofika. Mkanganyiko ulioupata huwapata wazazi wengi kila mwaka matokeo yanapotoka, nami nimeshaueleza mbele ya wazazi mara nyingi kiasi kwamba naona ungepaswa kubandikwa ukutani katika kila shule ya sekondari ya juu.

Kuna pointi za aina mbili, na zinakwenda kinyume. Pointi zilizoandikwa kwenye matokeo ni za Baraza la Mitihani, ambako A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7, na daraja hupatikana kwa kujumlisha masomo matatu ya tahasusi, yaani mchepuo wa mwanafunzi. Hapo anayepata pointi chache ndiye aliyefaulu vizuri zaidi: Daraja la Kwanza ni pointi 3 hadi 9, la Pili ni 10 hadi 12, la Tatu ni 13 hadi 17. Mpwa wako ana C, D na E, yaani 3 na 4 na 5, ndiyo hizo 12, na yuko ukingoni mwa Daraja la Pili.

Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, huhesabu kwa njia nyingine. Kwao A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Kwa hesabu hiyo mpwa wako ana 3 na 2 na 1, jumla yake 6 kati ya 15 zinazowezekana. GS na BAM hazijumlishwi humo, ingawa zipo programu zinazodai angalau S ya BAM, au ufaulu wa Hisabati wa kidato cha nne, kama sharti la nyongeza.

Ungeweza kuniuliza: ikiwa Udaktari unataka 6 na binti anazo 6, jirani amekosea wapi? Kwa masikitiko, jirani yuko sahihi. Karatasi uliyoonyeshwa ilikatwa kabla ya sentensi kwisha. Katika kitabu cha mwongozo cha TCU, sharti la Udaktari wa Binadamu pale Muhimbili ni prinsipo tatu (yaani ufaulu wa kuanzia A hadi E) za Fizikia, Kemia na Baiolojia zenye jumla isiyopungua pointi 6, na mwombaji awe na angalau D katika kila somo kati ya hayo matatu. D tatu ni 6. C, D na E pia ni 6. Jumla ni ileile, lakini mwenye E ya Fizikia mlango umemfungia, na aliyepata D tatu tupu, ambaye kwa mtazamo wa haraka anaonekana hana hata C moja, yeye anaruhusiwa kuomba. Mtu akilinganisha programu kwa kuangalia jumla peke yake, atakosea karibu kila mara. Lazima asome alama ya chini inayotakiwa katika kila somo.

Sasa geuza ukurasa uone Famasi na Maabara katika chuo hichohicho: jumla ni pointi 6, Kemia angalau C, Baiolojia angalau D na Fizikia angalau E. Uuguzi nao ni Kemia C, Baiolojia D, na E ya Fizikia, au ya Hisabati ya juu, au ya Lishe. Ni kama vile masharti hayo yaliandikwa mtu akiwa na matokeo ya mpwa wako mkononi. Kwa hiyo ile E iliyomfungia Udaktari haimzuii hapa, kwa kuwa C yake ya Kemia inatimiza kile ambacho kozi hizi zinakijali zaidi. (Wenye watoto wa CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, mtaona kwamba Jiografia haimo katika orodha hiyo ya Uuguzi. Nimewahi kuona wanafunzi wakilia kwa jambo hilo, na ni vema lisemwe mapema, mtoto akiwa bado anachagua tahasusi.)

Ualimu wa Sayansi ni hesabu nyingine. Kima cha chini cha kujiunga na shahada kwa ujumla, kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016, ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, na kwa Shahada ya Sayansi na Elimu zinazotazamwa ni za masomo mawili atakayofundisha. Kemia na Baiolojia zinampa 5. Hapo ana pointi moja ya ziada, tofauti na zile kozi za afya ambako amegusa kima cha chini bila kubakiza kitu. Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 wana mizani yao, kwa sababu alama zilipangwa kwa utaratibu mwingine miaka hiyo miwili, hivyo usikubali mtu wa kundi hilo akuelekeze kwa pointi zake.

Jambo la mwisho kwa leo. Kutimiza sifa na kuchaguliwa ni mambo mawili. Kitabu cha mwongozo huonyesha pia idadi ya nafasi za kila programu, na chuo hupanga waombaji kuanzia mwenye ufaulu wa juu hadi nafasi zinapojaa. Mwenye pointi 6 kwenye Famasi anashindana na wenye 9, 10 na zaidi ambao waliukosa Udaktari. Kwa hiyo msiombe chuo kimoja.

Mfamasia, Dodoma:

Mwalimu ameeleza masharti kwa namna ambayo mimi nisingeweza, kwa hiyo nitajibu sehemu ya pili ya swali, ile ya kozi na kazi, kwa upande ninaoufahamu.

Shahada ya Famasi ni miaka minne, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi chini ya usimamizi, kabla ya kusajiliwa na Baraza la Famasi. Uuguzi nao ni miaka minne na mwaka wa utarajali. Maabara pale Muhimbili imekuwa miaka mitatu, ila hakikisheni muda wake wa sasa kwenye kitabu cha mwongozo. Udaktari ni miaka mitano na mwaka wa utarajali. Nawasihi wazazi wauhesabu mwaka wa utarajali tangu mwanzo, kwa sababu familia nyingi hujipanga kwa miaka minne, kisha hushtuka mtoto anapomaliza chuo na bado hawezi kufanya kazi kwa leseni yake.

Watu wengi hudhani Famasi ni kusimama nyuma ya kaunta na kuhesabu vidonge. Mwaka wa kwanza na wa pili ni Kemia, na tena Kemia: ya dawa zenyewe, ya mwili unavyozipokea, ya namna zinavyotengenezwa na kupimwa ubora. Ndiyo maana sharti la Kemia ni C, si D. Ikiwa binti alipata C ya Kemia kwa sababu analipenda somo hilo na alikuwa akijifunza mwenyewe usiku, Famasi itamfaa. Ikiwa aliipata kwa kukariri, huku moyo wake ukiwa kwenye Baiolojia na kwa wagonjwa, nashauri mmuulize vizuri kabla ya kujaza fomu.

Kuhusu kazi, mfamasia ana uwanja mpana. Yupo hospitalini, yupo Bohari ya Dawa, yupo katika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba akikagua na kusajili dawa, yupo viwandani. Sheria pia inataka kila famasi isimamiwe na mfamasia aliyesajiliwa, na jambo hilo limewapa wengi wetu kipato wakati tukisubiri ajira ya serikali. Nasema hivi kwa sababu ajira ya serikali siku hizi haimngojei mhitimu getini kama zamani, na mzazi anayechagua kozi kwa kuamini hivyo atavunjika moyo.

Jambo moja la gharama. Kozi hizihizi hutolewa na vyuo vya umma na vya binafsi, na ada zake zinatofautiana sana, kiasi kwamba ada ya mwaka mmoja katika baadhi ya vyuo vya binafsi inaweza kulipia miaka kadhaa katika chuo cha umma. Mjomba amesema baba wa binti alishafariki, hivyo chuo cha umma kiwekwe mbele, na cha binafsi kiombwe tu baada ya familia kukaa na kukubaliana nani atalipa kitakachobaki endapo mkopo hautatosha.

Muuguzi Mkunga, Moshi:

Nawasalimu wote. Namheshimu sana mfamasia aliyenitangulia, ila naomba kuongeza jambo ambalo naona limepitwa haraka, nalo ni Uuguzi.

Katika mjadala wowote wa namna hii Uuguzi hutajwa kama mahali pa kuangukia mtu aliyekosa Udaktari, na jambo hili linaniumiza, kwa sababu nimewapokea wodini vijana waliokuja na fikra hiyo, nikaona wanavyoteseka wao na wagonjwa wao. Muuguzi ndiye anayekaa na mgonjwa usiku kucha. Ndiye anayeona kupumua kumebadilika kabla daktari hajaitwa, na katika kituo cha afya kisicho na daktari ndiye anayempokea mtoto anayezaliwa. Mtu mwenye shahada hufundishwa pia kusimamia wodi, kufanya utafiti na kufundisha, na akitaka kuendelea zipo shahada za uzamili katika wagonjwa mahututi, afya ya akili, ukunga na nyinginezo.

Mjomba, wewe umetuambia kwamba binti tangu utotoni anasema anataka kuwa daktari. Naomba akirudi kutoka kambini mkae naye chini, mumuulize alikuwa akiona nini kichwani mwake aliposema hivyo. Kama alikuwa akijiona kando ya kitanda cha mgonjwa, akimshika mkono na kumfuatilia hadi apone, basi Uuguzi uko karibu na ndoto yake kuliko Famasi au Maabara, hata kama jina lake halitamkwi kwa fahari ileile. Mwenye kupenda kutafuta chanzo cha ugonjwa kwa vipimo, bila kukabiliana na mgonjwa uso kwa uso, huyo Maabara itampa raha. Mimi mwenyewe niliingia Uuguzi kama chaguo langu la kwanza, na hadi leo sijawahi kujuta.

Pia msisahau kwamba Muhimbili si chuo pekee. Kozi za afya zipo Chuo Kikuu cha Dodoma, zipo KCMC hapa Moshi, zipo Bugando kule Mwanza. Masharti ya chini hufanana kwa kiasi kikubwa, lakini idadi ya nafasi na wingi wa waombaji haufanani.

Mjomba wa Njombe:

Ndugu zangu, sina maneno ya kuwashukuru. Nimemsomea dada yangu majibu yote kwa sauti, na mara mbili ameniomba nirudie pale Mwalimu alipoeleza habari ya D tatu. Ameumia, lakini amesema afadhali ameujua ukweli sasa kuliko kuujua jina likikosekana kwenye orodha.

Naomba kuuliza mambo mawili zaidi. Kuna wakala mmoja alitupigia simu akasema anaweza kumpeleka binti nje ya nchi kusoma Udaktari kwa matokeo hayohayo, tulipe tu ada ya awali ya kumshikia nafasi. Na kuna mtu mwingine ametuambia arudie Fizikia, na mwingine tena anasema aanze na stashahada ya utabibu kisha apande. Ipi kati ya njia hizi ni ya kweli?

Tabibu aliyesomea Mwanza:

Shikamoo mjomba. Mimi nilipita njia ya stashahada, kwa hiyo nitaieleza jinsi ilivyo, na machungu yake nisiyafiche.

Stashahada ya Utabibu huchukua miaka mitatu na huingiwa kwa matokeo ya kidato cha nne: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Binti anazo sifa hizo. Mwenye kidato cha sita huanza mwaka wa kwanza kama wengine wote, hapunguziwi kitu. Akihitimu anakuwa tabibu, anaweza kuajiriwa, na akitaka kuomba Udaktari atatakiwa awe na wastani wa B au GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0, pamoja na angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Angalia matokeo uliyoyaandika: ile D ya Hisabati, ambayo pengine nyumbani iliwahi kulaumiwa, ndiyo inayomruhusu kubaki katika njia hii. Wenzangu wawili wenye GPA nzuri kuliko yangu walikwama hapo, mmoja kwa F ya Hisabati, na ilimbidi akafanye tena mtihani wa kidato cha nne akiwa na miaka ishirini na sita.

Kwa miaka, stashahada ni mitatu na Udaktari mitano, jumla minane kabla ya utarajali. Kurudia Fizikia ni mwaka mmoja na Udaktari mitano, jumla sita. Kwenye karatasi kurudia ni njia fupi. Hata hivyo, atakayemaliza stashahada tayari ana taaluma mkononi hata kama Udaktari hautapatikana, na nafasi za Udaktari kwa wenye stashahada si nyingi, kwa hiyo GPA ya 3.0 ni ya kuruhusiwa kuomba tu. Waliochaguliwa pamoja nami walikuwa juu ya hapo kwa kiasi cha kutosha. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba TCU hutoa vitabu viwili vya mwongozo, kimoja cha wenye matokeo ya sekondari na kingine cha wenye stashahada, na masharti ya kimoja hayatumiki katika kingine. Hakikisha mnasoma kinachomhusu.

Kuhusu wakala, nasema kwa uzito wote: msitoe hata shilingi. Anayekwenda kusoma nje anapaswa kwanza kupata kutoka TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi, na shahada ya nje inapoletwa nyumbani hutathminiwa na TCU kabla ya kutambuliwa, kisha daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mtu anayekwambia kwamba masharti ya nchini hayana maana kwa sababu masomo yatakuwa nje, anakuacha peke yako siku ya kurudi. Nendeni ofisi ya TCU au waandikieni, muulize kuhusu matokeo ya binti kwa majina na alama, na mpate jibu lao kabla ya kuzungumza na wakala yeyote.

Mwalimu wa Taaluma, Tabora:

Nakubaliana na tabibu kwa yote. Niongeze habari ya kurudia mtihani. Binti anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya Fizikia mwezi Mei mwaka ujao. Achague kituo chenye maabara na asisubiri hadi usajili unakaribia kufungwa, kwa sababu Fizikia ina mtihani wa vitendo, na mtahiniwa asiyegusa vifaa mwaka mzima huanguka hapo hata kama nadharia anaijua. Kabla ya hayo kiulizeni chuo anachokitaka jinsi kinavyopokea matokeo ya mitihani ya miaka miwili tofauti.

Sasa tufanye hesabu kwa ukweli. Tuseme amejitahidi na E imekuwa D. Atakuwa na C, D na D, ambazo ni pointi 7 kati ya 15. Ametimiza sifa za Udaktari, lakini anaingia kwenye foleni yenye watu wa pointi 12 na 13. Ili mwaka huo wa kurudia uwe na maana, anahitaji kurudia na Baiolojia pia, na kulenga B au C katika yote mawili. Je, analo tatizo lililomwangusha, kama ugonjwa wakati wa mtihani au shule kukosa mwalimu wa Fizikia, ambalo mwaka huu halitakuwepo? Kama lipo, kurudia ni busara. Kama halipo, mwaka utapita na matokeo yatakuja yaleyale.

Mimi ningeshauri aombe mwaka huu. Vyuo sasa huombwa moja kwa moja, kila kimoja kwa mfumo wake na ada yake ya maombi, tofauti na ule mfumo wa pamoja wa TCU uliotumika miaka ya nyuma. Aweke Famasi au Uuguzi katika vyuo vitatu au vinne, na aongeze programu moja ambayo pointi zake zinabakiza ziada, kama Sayansi na Elimu kwa Kemia na Baiolojia, ambayo kwa kawaida ni miaka mitatu. Ila Ualimu usiwekwe kama hataki kufundisha. Tumeshateswa vya kutosha na walimu waliokuja darasani kwa kukosa pengine pa kwenda, na wanaoumia ni watoto. Akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, atapokea namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Simu atakayojazia maombi iwe ya mtu anayepatikana, wala isiwe laini iliyosajiliwa kwa mtu aliyehama.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Mbeya:

Mjomba, shikamoo. Wakubwa wameshaeleza kozi, mimi niseme kuhusu mkopo, maana nami nimelelewa na mama peke yake.

Maombi ya chuo na maombi ya mkopo ni vitu viwili visivyofuatana, na kupata chuo hakuleti mkopo. Bodi ya Mikopo ina mfumo wake wa mtandaoni uitwao OLAMS, na mwombaji hutambulishwa kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Kwa aliyefiwa na mzazi, nyaraka zinazobeba uzito ni cheti cha kuzaliwa cha mwombaji na cheti cha kifo cha mzazi, na vyote viwili huhakikiwa kwanza RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Uhakiki huo ndio unaochelewesha wengi. Anzeni leo, binti akiwa bado kambini, kwa kuwa hamhitaji kumsubiri. Muangalie pia jina la baba kwenye cheti cha kifo kama linafanana herufi kwa herufi na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Langu lilitofautiana kwa herufi moja, na nilisoma muhula wa kwanza kwa michango ya wajomba kabla rufaa yangu haijajibiwa.

Dada yako ajue vilevile kwamba fedha hizo ni deni. Binti akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi amalize.

Mjomba wa Njombe:

Nimerudi kutoa taarifa. Leo asubuhi nimetoka na dada yangu hadi mjini kufuatilia cheti cha kifo cha shemeji, na kweli tumekuta jina lake la kati limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye cheti cha mtoto. Tumeshaelekezwa namna ya kulirekebisha kabla ya kupeleka uhakiki. Bila yule kijana wa Mbeya tusingelijua hilo hadi dirisha limefungwa.

Wakala nimemjibu kwamba hatuhitaji huduma yake.

Jumapili binti alipata nafasi ya kupiga simu. Nilimweleza kuhusu E ya Fizikia, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba alikuwa anajua, kwani wenzake kambini walishamwambia, ila aliogopa kumwambia mama yake. Nikamuuliza lile swali la muuguzi wa Moshi. Akanijibu kwamba babake alipokuwa amelazwa, mtu anayemkumbuka zaidi si daktari aliyepita asubuhi, bali ni dada mmoja wa zamu ya usiku aliyekuwa akimwita baba kwa jina lake na kumweleza mama kila dawa ilikuwa ya nini. Amesema tumwekee Uuguzi kwanza katika vyuo vinne, Famasi katika viwili, na Ualimu tusiuweke. Nimeandika hivyohivyo kwenye daftari, na dada yangu ameweka sahihi yake pembeni.

Swali langu lililobaki ni kwa muuguzi wa Moshi: ukiacha hivyo vyuo ulivyovitaja, ni hospitali gani za mafunzo zinazowapokea wanafunzi wa Uuguzi huku nyanda za juu kusini, ili akipangiwa mazoezi asikae mbali sana na mama yake?